Ninia, Geophis, Atractus au Tantilla: uanze na nyoka yupi wa udongoni wa misitu ya Amerika?

Ukiinua gogo lililooza katika msitu wa milimani wa Kosta Rika, au ukipekua majani yaliyorundikana chini ya mibuni huko Kolombia, nyoka utakayemkuta huenda asifike hata nusu mita. Ni mwembamba kama penseli, ana rangi ya udongo, macho yake madogo mno, na kichwa kimeungana na shingo moja kwa moja. Hafokei, hakimbilii mbali. Anatafuta tu pa kupenyeza pua arudi chini. Watu wengi humwona mara moja wakaendelea na safari. Wachache huinama na kuuliza ni nani huyu, na hapo kazi inaanza, kwa sababu jibu linaweza kuwa spishi yoyote kati ya mia kadhaa.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa mtu ambaye tayari amevutiwa na anataka kushika kundi moja alijue vizuri: mwanafunzi wa wanyamapori anayetafuta mada ya utafiti, mwongoza watalii anayejiandaa kwenda kule, au mpenzi wa viumbe anayesaidia kutambua picha kwenye iNaturalist, mtandao wa watu kubadilishana picha za viumbe, jioni akiwa nyumbani kwake. Makundi manne yanastahili kuwekwa bega kwa bega: Ninia, Geophis, Atractus na Tantilla. Wapo wengine wanaoishi katika udongo huohuo, nao nitawagusa, hasa mmoja ambaye usipomjua anaweza kukuua.

Kipimo changu kikuu ni chakula. Rangi za nyoka hawa hudanganya, ukubwa wao haupishani sana, na ramani za maeneo yao hubadilika kila mtafiti anapopanda mlima ambao haujapandwa na mwenzake. Lakini anachokula nyoka wa udongoni ndicho kilichounda meno yake na kumpangia mahali pa kukaa na saa ya kutoka. Ukishajua anakula nini, umeshajua nusu ya mahali pa kumtafuta.

Walaji wa nyungunyungu

Ninia, Geophis na Atractus ni ndugu. Wote wamo katika nusufamilia ya Dipsadinae, pamoja na Dipsas na Sibon, wale nyoka wembamba wanaopanda vichaka usiku kutafuta konokono. Ukoo huo umejikita sana kwenye vyakula laini vyenye utelezi ambavyo nyoka wengi huvipita bila kuvitazama. Waliobaki chini walichukua nyungunyungu.

Kumla nyungunyungu kuna kazi kuliko mtu anavyodhani. Kila pingili yake ina vinywele vifupi vigumu ambavyo huvikita kwenye kuta za shimo lake, na akivutwa hujifupisha akanenepa humo ndani ili asitoke. Nyoka hambani kwa kujiviringisha wala hangoji sumu imlegeze. Humshika kwa meno yaliyopinda kuelekea nyuma, akashikilia, kisha taya la upande mmoja likasogea mbele kidogo, la upande wa pili likafuata, na nyungunyungu akawa anaingia sentimita kwa sentimita huku akijinyonganyonga. Wote watatu wanaishi kwa ustadi huo. Kwa hiyo wote watatu wanapenda udongo wenye unyevu na mboji, wote hutoka zaidi usiku na baada ya mvua, na wote hutaga mayai machache kwa mkupuo. Hapo ndipo kufanana kwao kunapoishia.

Ninia ndiye aliyezoea mashamba. Spishi zake ni kama dazeni moja tu, kutoka Meksiko hadi kaskazini mwa Amerika Kusini na kisiwa cha Trinidad, na baadhi yake zinaishi vizuri kwenye mashamba ya kahawa yenye miti ya kivuli, ambako majani huanguka na kuoza mwaka mzima. Ndiyo maana wengi humwita nyoka wa kahawa. Mbali na nyungunyungu hula pia konokono, hasa wale wasio na gamba, jambo linalompa riziki pana kidogo kuliko ndugu zake.

Kumtambua ni rahisi kuliko wengine wote katika makala hii. Magamba yake ya mgongoni yana mwinuko mwembamba katikati, na kwa kawaida yamepangwa safu 19 katikati ya mwili. Kwenye picha nzuri mgongo wake haung'ai. Unaonekana wenye mistari midogomidogo inayoshuka kutoka kichwani hadi mkiani. Geophis na Atractus wengi, kinyume chake, hung'aa, na wakipigwa na mwanga wa tochi magamba yao hutoa rangi za upinde wa mvua.

Katika jenasi hii, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, Ninia sebae ndiye ninayempendekeza kwa mtu anayeanza. Anapatikana kuanzia Veracruz, Meksiko, hadi Kosta Rika. Mgongo ni mwekundu, kichwa cheusi, na nyuma ya kichwa kuna ukosi wa manjano hafifu unaofuatwa na utepe mweusi. Ukimsumbua hujibapa, hutanua shingo na kuinua sehemu ya mbele ya mwili, kwa namna inayomfanya mtu arudi nyuma hatua mbili. Ni vitisho vitupu, kwa kuwa ni nadra sana kung'ata. Tabia hii moja inatosha kumfanya mwanafunzi ajifunze mengi kuhusu jinsi kiumbe asiye na silaha anavyojilinda, na inaonekana hata kwa mtu asiye na darubini wala maabara.

Geophis ni suala jingine. Wapo takriban 50, kutoka Meksiko hadi Kolombia, na makao yao makuu ni milimani. Wengi wana eneo dogo mno: mlima mmoja na miteremko yake, au safu moja ya milima iliyozungukwa na mabonde yenye joto wasiloweza kulivuka. Hicho ndicho kinachowafanya wavutie na hicho ndicho kinachowafanya wachoshe. Ukikaa Kosta Rika unaweza kuwajua wawili au watatu barabara, kama vile Geophis hoffmanni, ambaye ni mdogo na mweusi wa kawaida tu, na Geophis brachycephalus, ambaye ndani ya spishi hiyohiyo mmoja ni mweusi mtupu na mwingine ana mabaka mekundu ubavuni. Ukivuka kwenda Oaxaca au Guerrero nchini Meksiko, unaanza upya.

Mwaka 1967 Floyd Downs aliwapanga Geophis wote waliojulikana wakati huo katika makundi saba, na mpangilio huo bado unatumika kama mahali pa kuanzia, ingawa uchunguzi wa DNA umeanza kuutikisa. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema. Una ramani ya zamani iliyo wazi na unaweza kuijaribu kipande kwa kipande. Kwa mgeni aliyekuja kwa wiki mbili na tochi yake, Geophis ni bahati. Akimwona mmoja ashukuru.

Kisha kuna Atractus, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote na ndiye ninayesita kumpendekeza kwa kila mtu.

Hakuna jenasi ya nyoka duniani yenye spishi nyingi zinazotambuliwa leo kuliko Atractus: zaidi ya 140, na idadi inapanda karibu kila mwaka. Johann Wagler aliianzisha mwaka 1828 kwa nyoka mmoja mwenye mistari, Atractus trilineatus, ambaye mpaka leo anapatikana Trinidad, Guyana na Venezuela. Tangu hapo wamepatikana kuanzia Panama, wakashuka na Andes, wakaenea Amazonia yote na misitu ya pwani ya Brazili hadi kaskazini mwa Argentina. Wengi wana sentimita 25 hadi 50. Lakini mwaka 2006 alitangazwa Atractus gigas kutoka Ekuador, nyoka wa ukoo huohuo wa walaji wa nyungunyungu, mwenye urefu unaozidi mita moja.

Inawezekanaje spishi nyingi hivi zikae zimejificha? Tazama kilichotokea Ekuador. Mwaka 2022 Alejandro Arteaga na wenzake walitangaza Atractus watatu wapya kutoka vijiji vya kusini mwa Andes ya nchi hiyo. Mmoja alikutwa ardhini makaburini, wengine kando ya kanisa la zamani na kwenye shule ndogo. Watu walikuwa wakizika, wakisali na kusoma juu yao. Sababu si uzembe wa mtu yeyote. Nyoka wa aina hii haonekani mpaka udongo ulainike kwa mvua au jembe liufungue, na bonde linalofuata huwa na nyoka mwingine ambaye kwa macho ya kawaida ni yuleyule.

Ugumu wake huanzia kwenye kuhesabu. Atractus hutambuliwa kwa idadi ya magamba ya tumbo na ya chini ya mkia, safu za mgongoni, meno ya taya la juu, na umbo la viungo vya uzazi vya dume. Dume ana mkia mrefu kuliko jike, na jike ana mwili mrefu kuliko dume, kwa hiyo hesabu za jinsia mbili za spishi moja hazilingani. Anayehesabu bila kujua jinsia anaweza kuugawa ukoo mmoja kuwa spishi mbili, au kuzichanganya mbili zikawa moja, na hayo yote yamewahi kutokea katika historia ya jenasi hii. Ongeza kwamba spishi kadhaa zinajulikana kwa kielelezo kimoja au vichache vilivyohifadhiwa kwenye chupa, na kwamba nyingi zimewekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika fungu la zile zisizo na taarifa za kutosha.

Hapo utaelewa kwa nini mkusanyo wa makumbusho kwa mtu wa Atractus ni sawa na msitu wenyewe. Tarehe 15 Mei 2010 moto uliteketeza mkusanyo wa nyoka wa Taasisi ya Butantan, São Paulo. Zaidi ya nyoka 70,000 waliokusanywa kwa karne nzima waliungua, wengi wao wakiwa wameletwa na wakulima na wachimba barabara kutoka maeneo ambayo leo hayana tena msitu. Moto wa Museu Nacional, makumbusho ya taifa ya Brazili huko Rio de Janeiro, tarehe 2 Septemba 2018, uliharibu mengi yasiyorudishika, lakini nyoka wake walikuwa kwenye jengo jingine na wakapona. Inaniuma kila ninapoifikiria Butantan. Nyoka wa mlima uliokwisha kulimwa akiungua chupani, hakuna mahali pa kwenda kumtafuta tena.

Sasa, Geophis na Atractus unawatofautishaje? Kwa wengi wao kichwa kinasoma vilevile: gamba refu kati ya pua na jicho linaloligusa jicho, bila gamba dogo la mbele ya jicho ambalo nyoka wengi wanalo. Jibu la haraka linatoka kwenye ramani. Ukiwa Kosta Rika, Nikaragua, Guatemala au Meksiko, Atractus hayupo. Ulichonacho ni Geophis au mwingine. Ukiwa Peru, Bolivia au Brazili, Geophis hayupo. Shida ipo Panama na magharibi mwa Kolombia, ambako wote wawili wanaishi, na huko hakuna njia ya mkato isipokuwa kuangalia fuvu na viungo vya uzazi, kazi ya mtu mwenye kibali na maabara.

Tantilla na tandu

Tantilla anafanana na hao watatu kwa ukubwa na maisha ya chini ya majani, lakini hana udugu nao wa karibu. Yumo katika nusufamilia ya Colubrinae, na njia yake ya kuingia udongoni ilikuwa tofauti kabisa: alifuata tandu.

Tandu si nyungunyungu. Ana makucha ya sumu chini ya kichwa, ana ngozi ngumu, ana mbio, na akishikwa hugeuka kumng'ata aliyemshika. Tantilla humkamata karibu na kichwa kadiri anavyoweza, akamng'ang'ania huku mwili wake ukipigwa huku na huku, akisogeza taya mpaka meno ya nyuma yenye mfereji yamwingize sumu. Sumu hiyo haina madhara makubwa kwa binadamu, ila kwa tandu inatosha. Anapolegea, humezwa kuanzia kichwani, miguu ikalala kuelekea nyuma.

Mara nyingine mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2022, kwenye kisiwa cha Key Largo, Florida, alikutwa Tantilla oolitica amekufa huku tandu mkubwa akiwa amenasa kooni. Florida iko nje ya misitu ninayoizungumzia, lakini spishi hiyo ni ya jenasi hiihii na ni adimu mno. Watafiti wa makumbusho ya historia asilia ya Florida waliwapiga wote wawili picha za skana bila kuwatenganisha, na ndiyo ikawa mara ya kwanza chakula cha spishi hiyo kuthibitishwa. Inaelekea tandu alikuwa mnene kiasi cha kumbana njia ya hewa. Picha ile inaonyesha wazi gharama ya riziki hii: nyoka mwembamba anaingiza mwilini mnyama mpana mwenye miguu mingi, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

Spishi za Tantilla ni zaidi ya 60, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Tantilla melanocephala, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, ameenea sehemu kubwa ya Amerika Kusini, na kichwa chake cheusi juu ya mwili wa kahawia humtambulisha haraka. Alama ya jenasi nzima ni kukosekana kwa lile gamba la kati ya pua na jicho, pamoja na safu 15 za magamba laini. Chukua tahadhari hapa: nyoka-marijani mwenye sumu kali naye hana gamba hilo, naye ana safu 15. Alama hiyo peke yake isikufanye unyooshe mkono.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Tantilla ana mvuto wa ziada. Nyoka wa jenasi Aparallactus, wanaoishi kwetu tangu misitu ya Usambara hadi pwani ya Kenya, nao ni wadogo, nao wana vichwa au kosi nyeusi, nao wanaishi kwa kula tandu. Hawana udugu wa karibu na Tantilla. Kila upande umefika hapo kwa njia yake. Mwanafunzi wa Morogoro au Nairobi anaweza kumtazama Aparallactus kwa macho yake, akalinganisha na picha na vielelezo vya Tantilla vilivyowekwa wazi mtandaoni, akapata mada ya maana bila tiketi ya ndege. Sijaona kundi jingine kati ya haya manne linalompa mtu wa kwetu mlango wa wazi namna hii.

Mwekundu mwenye pete: simama kwanza

Nyoka-marijani, yaani Micrurus, wapo zaidi ya spishi 80, na ni wa familia moja na swila na koboko. Wanaishi kwenye majani yaleyale na magogo yaleyale, kwa sababu nyoka wadogo wa udongoni ni chakula chao. Wengi wana pete nyekundu, nyeusi na njano au nyeupe. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa nyoka wasio na madhara wamevaa rangi hizohizo: Geophis semidoliatus wa Veracruz, Atractus elaps na Atractus latifrons wa Amazonia, na wengineo.

Marekani kuna shairi fupi la kukariri mpangilio wa rangi, kwamba nyekundu ikigusa njano ni hatari. Lisahau ukishavuka mpaka kwenda kusini. Katika Amazonia nyoka-marijani wengi wana pete nyeusi tatu tatu kati ya nyekundu, na nyekundu yao inagusa nyeusi. Micrurus mipartitus ana pete nyeusi na nyeupe au njano tu, na nyekundu ipo kichwani na mkiani. Kanuni iliyo salama ni moja: nyoka yeyote mwenye pete, au mwenye wekundu mkali, haguswi mpaka mtu anayewajua wa eneo hilo amthibitishe.

Kuumwa naye hakufanani na kuumwa na kifutu. Maumivu na uvimbe vinaweza kuwa kidogo mwanzoni, mtu akajiona mzima. Sumu inashika mishipa ya fahamu, na saa kadhaa baadaye kope zinaanguka, kumeza kunakuwa kugumu, mwishowe pumzi. Kwa hiyo aliyeumwa hapelekwi nyumbani kutazamwa. Anapelekwa hospitali papo hapo. Dawa yake ipo. Instituto Clodomiro Picado ya Kosta Rika hutengeneza ya nyoka-marijani wa Amerika ya Kati, na Butantan hutengeneza ya wale wa Brazili.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo nyoka-marijani amelifanyia sayansi. Mwaka 1976, Chiapas, Meksiko, alikamatwa Micrurus nigrocinctus ambaye tumboni mwake alikuwa na nyoka mdogo asiyefanana na yeyote aliyejulikana. Jonathan Campbell na wenzake walimtangaza mwaka 2018 kama jenasi mpya, Cenaspis aenigma. Hakuna aliyemwona akiwa hai. Kielelezo chote tulicho nacho kilikuwa mlo wa nyoka mwingine.

Usimchanganye nyoka-marijani na Anilius scytale wa Amazonia, Guyana na Trinidad, ingawa kwa umbali inaruhusiwa kabisa kuchanganya. Ni mwekundu mwenye pete nyeusi, macho yake yamefunikwa na gamba, na mwilini bado ana mabaki ya mifupa ya nyonga. Akishtuka huficha kichwa chini ya mwili na kuinua mkia mfupi mnene, ili adui aulenge huo. Ni spishi pekee katika familia yake, anazaa watoto hai, na chakula chake ni vitu virefu kama yeye: amfibia wasio na miguu, mijusi wachimbaji wasio na miguu, mikunga, na nyoka wengine. Ni kiumbe wa kustaajabisha, lakini kwa anayeanza nisingemchagua. Ni mmoja tu, hana wa kumlinganisha naye.

Na wale vipofu

Nyoka vipofu wa Amerika, wa familia za Anomalepididae, Leptotyphlopidae na Typhlopidae, hula mayai na mabuu ya chungu na mchwa. Wamefungwa udongoni kuliko wote niliowataja, na taya zao ni ajabu: Leptotyphlopidae wana meno taya la chini tu, Typhlopidae taya la juu tu, na kila upande humwaga mabuu kooni kwa kasi kwa njia yake. Anayependa anatomia awachague bila kusita. Anayetegemea macho na kamera atakata tamaa mapema, maana picha yao ya kawaida ni uzi wa kahawia unaong'aa usio na mbele wala nyuma.

Mmoja wao tunaye hata kwetu. Indotyphlops braminus, mwenye asili ya Asia, amesafiri dunia nzima ndani ya udongo wa vyungu vya maua, akafika Meksiko na visiwa vya Karibi, na pia Zanzibar na pwani yetu. Wote ni majike, huzaana bila dume, kwa hiyo chungu kimoja chenye nyoka mmoja kinatosha kuanzisha ukoo.

Basi uchague nani?

Ukienda Amerika ya Kati kwa muda mfupi na unataka kumwona nyoka wa udongoni kwa macho yako, chagua Ninia. Omba ruhusa ya mwenye shamba la kahawa la kivuli, nenda msimu wa mvua baada ya giza kuingia, vaa buti ndefu, geuza gogo kwa fimbo na ulirudishe lilivyokuwa. Katika shamba hilohilo unaweza kukutana na nyoka-marijani, kwa hiyo mikono ibaki juu.

Ukiwa na mwaka mmoja au miwili na chuo nyuma yako, na unapenda milima, Geophis atakulipa. Eneo dogo, spishi chache kwa kila mlima, na swali lililo wazi la nini kiliwatenga.

Atractus namwachia mwenye subira ya kweli, anayeweza kukaa na vielelezo, kuhesabu magamba 150 ya tumbo mara mbili, na kusoma makala za Kireno na Kihispania. Anayechukua njia hiyo atafanya kazi inayohitajika kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu misitu ya miteremko ya Andes inakatwa wakati spishi zake zingali hazina majina. Nikiwa na mwanafunzi mmoja tu wa kumshawishi, ningemshawishi huku.

Na kwa anayebaki Afrika Mashariki, jibu langu ni Tantilla, kwa ajili ya Aparallactus.

Swali ninalotarajia: vipi kuhusu kuwafuga? Nashauri usifanye hivyo, kwa kundi lolote kati ya haya. Wanaouzwa hutolewa porini, hujificha maisha yao yote ndani ya udongo ambamo huwaoni, wengi hugoma kula, na tandu hai au mabuu ya mchwa si chakula unachoweza kukipata kila wiki. Mfugaji humwona nyoka wake mara mbili: siku ya kumnunua na siku ya kumfukua amekufa.

Unachoweza kufanya leo ni kusaidia kutambua picha, na kazi hiyo ina uhaba mkubwa wa watu. Picha nyingi za nyoka hawa zinabaki bila jina kwa kuwa zimepigwa kutoka juu, nyoka mzima, basi. Ukipata nafasi ya kupiga yako, au ya kumwelekeza mwenzako aliye kule, zinatakiwa tatu: ubavu wa kichwa kwa karibu kiasi cha kuonyesha magamba kati ya pua na jicho, katikati ya mgongo, ili safu zihesabike na mwinuko wa magamba uonekane, na mkia mzima kwa upande, kuanzia unapoanza hadi ncha yake. Andika pia mwinuko wa mahali kwa mita na jina la mto au mlima wa karibu. Kwa Atractus na Geophis, mstari huo mmoja wa mahali huondoa majina mengi kuliko picha zote tatu.